Mafuta ya mbegu za pasheni: kuanzia makapi ya juisi mpaka chupani

Popote juisi ya pasheni inapokamuliwa kwa wingi, iwe kiwandani au kwenye kibanda cha sokoni, hubaki ndoo za mbegu nyeusi zenye utelezi, na nyingi huishia jalalani. Mbegu hizo zikikaushwa vizuri, kati ya asilimia 18 na 28 ya uzito wake ni mafuta: mepesi, ya rangi ya dhahabu, yanayopotelea kwenye ngozi haraka bila kuacha hali ya kunata. Watengenezaji wa vipodozi huyanunua kwa ajili hiyo.

Swali la kwanza la watu wengi huwa ni mashine ipi inunuliwe. Mashine ni sehemu rahisi. Ubora wa mafuta huamuliwa siku juisi inapotengenezwa na siku tatu hadi sita zinazofuata, kwenye kuosha na kukausha. Mbegu iliyoharibika hapo haiokolewi na mashine yoyote.

Kwa nini pasheni

Si kila mbegu ya tunda inafaa kukamuliwa. Kokwa la parachichi ndilo huwadanganya watu zaidi kwa ukubwa wake, ila mafuta ya parachichi yako kwenye nyama ya tunda. Kokwa lenyewe kwa sehemu kubwa ni wanga, na mafuta yake hayazidi asilimia chache. Kiini cha kokwa la embe kina asilimia 7 hadi 12, tena ni mafuta yanayoganda kama siagi. Ni mazuri sana, lakini kwa kiwango hicho mashine ndogo itakutolea unga wa moto badala ya mafuta. Mbegu za papai zina mafuta mengi, kama asilimia 25 hadi 30, ila zina ukali wa aina ya haradali unaobaki kwenye chupa. Mbegu ya pasheni ina mafuta ya kutosha, na ganda lake gumu linaisaidia skrubu kushika mzigo. Pia hupatikana ikiwa tayari imetenganishwa na tunda. Ya zambarau inayolimwa nyanda za juu na ile ya njano ya maeneo ya joto, zote zinafaa.

Kwa makadirio ya mwanzo, hesabu kilo moja ya mbegu kavu kwa kila kilo 15 hadi 25 za matunda. Kilo hiyo, kwenye mashine ndogo, hutoa gramu 120 hadi 160 za mafuta, kwa kuwa mengine hubaki kwenye mashudu. Gramu 150 ni kama mililita 163. Kwa hiyo mwenye kibanda kimoja asitarajie madumu. Hesabu huanza kuwa na maana unapokubaliana na wauza juisi kadhaa, au na kiwanda kimoja, mkachukua makapi yao kila siku.

Kukusanya na kuosha

Mwambie anayekutunzia makapi mambo mawili. La kwanza, asisage pasheni kwa blenda ya kasi. Visu huvunja mbegu, na mbegu iliyovunjika huanza kuharibika saa hiyo hiyo kwa sababu mafuta yake yamekutana na maji, hewa na vimeng'enya vyake yenyewe. Nyama ya pasheni itenganishwe kwa mwiko na chujio, au kwa blenda inayoguswa sekunde moja moja kwa kasi ya chini. La pili, makapi yasilale juani ndani ya mfuko wa plastiki. Yachukuliwe siku hiyo hiyo, au yawekwe mahali pa baridi.

Kila mbegu imezungukwa na utando wa utelezi ambao hautoki kwa kuosha tu. Utando ukiachwa hukauka ukawa gundi yenye sukari. Mbegu hushikana mabonge, huvuta unyevu tena, huota ukungu, na kwenye mashine sukari hiyo huungua. Njia rahisi ya kuutoa ni kuuchachusha. Weka mbegu kwenye ndoo ya plastiki, mimina maji mpaka yazidi mbegu kwa vidole vinne, funika kwa kitambaa, koroga asubuhi na jioni. Pwani saa 24 zinatosha. Penye baridi kama Njombe au Limuru unaweza kufika saa 48. Ukishika mbegu na kuzisugua kati ya vidole zikakwaruza badala ya kuteleza, muda umetimia. Usipitishe hapo. Mbegu zikikaa siku nne zitanuka siki, na harufu hiyo utaikuta kwenye mafuta. Viwanda hutumia kimeng'enya cha pektinesi na kumaliza kazi kwa saa chache, lakini kwa ndoo mbili tatu hakuna haja.

Baada ya hapo zimwage kwenye chekeche la waya, uzisugue kwa viganja huku maji yakipita, kisha zirudishe kwenye ndoo ya maji safi. Zinazoelea ondoa, maana ni tupu au hazikukomaa. Zinazozama ndizo zako. Rudia mpaka maji yawe maangavu. Angalia pia mchanga: chembe zinazobaki chini ya ndoo zitakula skrubu ya mashine, na skrubu ndiyo kipuri cha gharama.

Kukausha

Tandaza mbegu kwenye wavu uliowambwa juu ya kichanja, unene usiozidi sentimita moja na nusu, hewa ipite juu na chini. Turubai lililotandikwa chini ni la mwisho kabisa kwa ubora, kwa kuwa mbegu za chini hubaki mbichi na vumbi huingia. Geuza kila baada ya saa mbili siku ya kwanza. Jua likiwa zuri, siku mbili hadi nne zinatosha. Kila jioni ziingize ndani na kuzifunika, maana umande wa usiku mmoja hurudisha kazi ya mchana mzima. Ukitumia kikaushio cha umeme au cha sola, usizidishe nyuzi 50 hadi 55.

Shabaha ni unyevu wa asilimia 6 hadi 8. Wengi waliozoea mahindi watafikiria kipimo cha chumvi kwenye chupa: chumvi kavu na mbegu hutikiswa pamoja, na chumvi isiposhika kwenye kioo inasemekana zimekauka. Kipimo hicho ni cha kweli kwa nafaka, ila kinakwambia tu kwamba unyevu uko chini ya kama asilimia 15. Kwa kukamua mafuta hapo bado ni mbichi mno. Pima hivi: chukua gramu 100 za mbegu, zivunje kidogo, ziweke kwenye oveni ya nyuzi 105 na uzipime kila baada ya saa moja mpaka uzito ugome kushuka. Gramu zilizopotea ndizo asilimia ya unyevu. Zikibaki gramu 93, unyevu ulikuwa 7. Sampuli hiyo usiikamue; itupe. Ukishafanya hivyo mara kadhaa utaanza kuijua kwa koleo: mbegu kavu ya kutosha hukatika kwa mlio mkavu na kiini chake ni cheupe, kigumu; mbichi hubonyea kwanza kabla ya kupasuka.

Mbegu nzima iliyokauka vizuri inakaa miezi kadhaa bila shida, kwa kuwa ganda linayakinga mafuta na hewa. Mafuta hayana kinga hiyo. Basi hifadhi mbegu, na ukamue kadiri ya oda.

Kukamua

Kuna mashine za aina tatu utakazokutana nazo. Ile ya mkono ya pistoni, iliyoenezwa Tanzania kwa ajili ya alizeti miaka ya 1980, ilikusudiwa alizeti ya ganda laini kama mbegu aina ya Record. Kwa pasheni inachosha mikono na kutoa kidogo. Mashine kubwa ya skrubu ya kinu cha alizeti, kama zile za Singida na Dodoma, ina nguvu ya kutosha, lakini inahitaji makumi ya kilo ndipo ijae na kupata moto, na ndani yake daima kuna mabaki ya alizeti. Kilo 10 za pasheni zikipita humo, ulichopata ni mchanganyiko. Inayofaa kuanzia ni mashine ndogo ya skrubu, ya kuzungusha kwa mkono au ya umeme, ile inayokula kilo chache kwa saa. Kabla ya kununua, peleka kilo mbili za mbegu zako ukaijaribu. Muuzaji aliyeionyesha kwa karanga hajakuonyesha kitu, kwani karanga ni laini na zina mafuta mara mbili ya pasheni.

Siku ya kukamua anika mbegu juani saa moja mpaka ziwe vuguvugu, kama nyuzi 40. Pasha kichwa cha mashine moto dakika 10 hadi 15, kwa taa yake au kwa hita yake. Fungua mdomo wa kutolea mashudu uwe mpana, anza kulisha kidogo kidogo, na mashudu yakishatoka mfululizo, kaza mdomo robo mzunguko, subiri dakika mbili, kaza tena. Unatafuta mashudu yanayotoka magumu na makavu, yanayovunjika kwa mlio ukiyakunja, huku mafuta yakichuruzika pembeni. Weka kipimajoto kwenye mafuta yanayotoka. Ukitaka kuyauza kama yaliyokamuliwa bila moto, yasizidi nyuzi 50. Yakizidi, legeza mdomo au punguza kasi.

Matatizo karibu yote hapa yanatokana na unyevu, na mashudu ndiyo yatakayokwambia. Yakitoka laini kama ugali, na mafuta meupe yenye povu, mbegu ni mbichi: simamisha kazi ukakaushe tena. Yakitoka unga, mashine inapiga kelele, moshi unanukia na mafuta ni matone tu, mbegu zimekauka kupita kiasi. Hizo hurekebishika. Kilo moja yenye unyevu wa asilimia 4 ikinyunyiziwa mililita 32 za maji hufika asilimia 7. Changanya vizuri, funika kwenye ndoo saa 12 ili maji yaingie mpaka kwenye kiini. Kunyunyiza na kukamua papo hapo hakusaidii, maana maji yatakuwa kwenye ganda tu.

Mashine ikikwama usiilazimishe. Zima, rudisha nyuma kama ina swichi hiyo, fungua kichwa kikiwa bado cha moto na uchokonoe kwa kijiti cha mbao. Na usiache kusafisha mpaka kesho. Mafuta haya yana asidi ya linoleiki nyingi, kwa kawaida zaidi ya asilimia 65, na yakikaa tabaka jembamba juu ya chuma hugeuka kuwa kama vanishi. Skrubu iliyolala na mafuta siku tatu utaikwangua kwa kisu.

Kukamua mashudu mara ya pili kunawezekana na hutoa kiasi kidogo zaidi, cheusi na chenye harufu nzito. Yawekwe peke yake kwa sabuni, yasichanganywe na ya kwanza.

Neno kuhusu njia nyingine mbili. Kuponda mbegu zilizokaangwa, kuzichemsha na kuengua mafuta juu ya maji ni njia ya zamani na ni salama, ila kwa pasheni unga wa maganda hushikana na mafuta ukawa tope, na unapata kiasi kidogo chenye harufu ya kuungua. Kutumia petroli au heksani (kiyeyushi cha viwandani) kuyeyusha mafuta nyumbani, hapana. Mvuke wa heksani ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni mpaka kwenye jiko la chumba cha jirani, na hushika moto hata penye baridi kali. Petroli nayo huacha sumu ndani ya mafuta ambayo huwezi kuitoa kwa kuchemsha.

Kutuamisha na kuchuja

Mafuta yanayotoka ni machafu, yamejaa chembe za mbegu. Yamimine kwenye chombo kirefu chembamba cha kioo au cha chuma kisichoshika kutu, kijaze mpaka juu, kifunike na ukiweke gizani siku tatu hadi saba. Mashapo yatashuka. Vuta mafuta ya juu kwa mpira mwembamba bila kutikisa, kisha chuja kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne, halafu kwa karatasi ya kuchujia kahawa. Karatasi ni ya polepole mno; weka chombo kwenye maji ya uvuguvugu ya nyuzi 40 na kazi itasogea. Vifaa vya shaba nyekundu au shaba ya njano, hata bomba dogo la kufungulia, viepuke kabisa, kwa sababu chembe za madini hayo huharakisha mafuta kuharibika.

Mafuta yakibaki bila kung'aa baada ya kuchujwa, huenda yana maji. Chota nusu kijiko cha chuma, kishike juu ya moto mdogo: yakitoa milio midogo ya kupasuka, maji yamo. Yapashe hadi nyuzi 60 kwenye chombo kipana kilichowekwa juu ya maji ya moto, ukikoroga taratibu kwa nusu saa, kisha yapoe na uyachuje tena.

Kupima kabla ya kuuza

Kiwango cha asidi huonyesha kama mbegu zilitunzwa vizuri, na unaweza kukikadiria bila maabara. Unahitaji bomba la sindano la mililita 1 na jingine la mililita 10, spiriti ya isopropili ya maabara, kostiki soda safi, na bizari ya manjano. Loweka kijiko cha manjano kwenye isopropili kidogo upate maji ya njano. Yeyusha gramu 1 kamili ya kostiki kwenye lita moja ya maji ya betri yasiyo na asidi. Vaa glavu na miwani.

Kwanza mimina mililita 10 za isopropili kwenye glasi, weka matone machache ya manjano, kisha dondoshea maji ya kostiki huku ukitikisa, mpaka rangi igeuke nyekundu ya kahawia na ibaki hivyo sekunde 15. Andika kiasi kilichotumika. Rudia, safari hii ukiongeza mililita 1 ya mafuta yako. Toa kipimo cha kwanza kwenye cha pili. Kila mililita 1 ya tofauti ni takriban 1.5 ya thamani ya asidi, ile namba inayotaja kiwango cha asidi cha mafuta. Kiwango cha kimataifa cha Codex (viwango vya chakula vya FAO na WHO) kwa mafuta ya kula yaliyokamuliwa bila kusafishwa kwa kemikali ni kisichozidi 4.0, yaani tofauti ya kama mililita 2.6. Wanunuzi wa vipodozi wengi watataka chini ya hapo. Ukipata mililita 5, usilaumu mashine. Rudi kwenye ndoo ya kuchachushia na kwenye kichanja.

Pua nayo ni kipimo. Mafuta mapya yananukia pasheni kwa mbali. Yaliyoharibika yananuka rangi ya kupakia mbao.

Kuhifadhi na kutumia

Chupa ziwe za kioo cheusi au cha kahawia, kavu kabisa, zijazwe mpaka shingoni. Kuongeza vitamini E gramu 1 hadi 2 kwa kilo ya mafuta husaidia. Gizani na penye baridi yatakaa miezi 6 hadi 12. Kwenye rafu ya dukani inayopigwa na jua, usiahidi hivyo.

Si mafuta ya kukaangia, maana moto huyaharibu upesi. Ni ya ngozi na nywele, peke yake au ndani ya losheni, baada ya kujaribu tone moja kwenye ngozi ya ndani ya mkono kwa siku moja. Kwenye sabuni, gramu 100 huhitaji kama gramu 13 za kostiki kabla ya kupunguza ile asilimia 5 ya kawaida ili sabuni isibaki na kostiki, na yasizidi sehemu moja ya kumi ya mafuta yote. Yakizidi, kipande hubaki laini na baada ya wiki kadhaa hutoka madoa ya rangi ya chungwa. Chupa za kuuza ziandikwe *Passiflora edulis*, namba ya mkupuo na tarehe ya kukamua. Tanzania usajili wa vipodozi uko TBS (Shirika la Viwango Tanzania) tangu 2019. Kenya anzia KEBS, shirika la viwango la huko.

Mashudu yanayobaki ni maganda kwa sehemu kubwa, kwa hiyo kuku hawanufaiki nayo. Yakisagwa na kupitishwa kwenye chekeche laini sana huwa kisugulio kizuri cha miguu, na mengine yaende kwenye mboji. Yatandaze yapoe kwanza, usiyarundike yakiwa ya moto. Vile vile vitambaa ulivyochujia: mafuta ya aina hii yakiwa kwenye pamba iliyobunjwa hujipasha yenyewe na yanaweza kuwasha moto usiku bila mtu kugusa. Viloweke kwenye ndoo ya maji mara tu unapomaliza, kisha uvifue kwa sabuni au uvianike kimoja kimoja kwenye kamba nje.